Hukumu ya Kununua Zamu Katika Nyumba, na Kutia Sahihi Karatasi Isiyosomwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Imezuka biashara ambayo wazee wa pwani hawakuijua, nayo ni kuuziwa mtu zamu katika nyumba ya mapumziko. Nyumba ni moja na wanunuzi ni wengi. Huyu huuziwa juma moja la Desemba kila mwaka, na yule juma la Aprili. Kila mmoja hutoa mali nyingi mara moja, kisha kila mwaka hutoa ada ya kuitunza nyumba. Ilianza katika miaka ya 1960 huko Ufaransa, katika milima ya Alps, ikaenea Hispania na Marekani, ikafika Afrika ya Kusini, ambako ilitungiwa sheria yake mwaka 1983.

Na ikadiriwe, kama ilivyo desturi ya vitabu vya fiqhi, ya kuwa Zaidi ni mfanya biashara wa Tanga, na Amri ana nyumba chini ya mlima Meru, upande wa Usa River, mahali penye maji baridi na kivuli cha mibuni. Kaskazi ikivuma na joto la pwani likizidi, Zaidi hutamani kuwapeleka watoto wake katika baridi ya mlima ule unaopita mita 4,500. Amri ampokea kwa chai na sambusa, amwonyesha picha, amwambia ya kwamba bei hii ni ya leo tu, kisha amwekea mbele karatasi kumi na tano za Kiingereza. Zaidi hana Kiingereza ila cha dukani. Aona haya kuuliza, kwani Amri ni Muislamu mwenziwe, na adhuhuri wameswali safu moja. Akatia sahihi.

Je, ameridhia?

Swali hili si jepesi. Mwenyezi Mungu amekataza watu kuliana mali kwa batili, akahalalisha biashara iliyo ya kuridhiana. Na ridhaa mahali pake ni moyoni, hapana aionaye. Ndiyo maana madhehebu ya Imamu Shafii yakatazama tamko la wenye kuuziana. Kadhi hana njia ya kuupasua moyo wa Zaidi. Ataiona sahihi yake, na sahihi yamlazimu. Walakini mtu hawezi kuridhia asilolijua, na Zaidi alichokijua ni picha, chai na maneno ya Amri. Kwa hiyo yaonekana kwamba Amri, ikiwa ameficha aibu iliyomo katika karatasi zile, ana dhambi ya kughushi, na Zaidi naye hakusalimika, kwa kuwa ujinga wake aliuchagua. Karatasi zilikuwa mkononi mwake, na mjini Arusha wamo mawakili na wakalimani. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kupoteza mali, na mali ya Zaidi ina haki za mke na watoto ndani yake.

Atasema mtu ya kuwa Zaidi alizuiliwa na haya, na haya ni katika imani. Jawabu ni kwamba wanavyuoni wamekwisha kueleza: haya inayomfanya mtu aache la wajibu si haya ya sheria, ni udhaifu ulioazima jina. Tena aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika sura ya Al-Baqara, ni aya ya kuandikiana madeni. Iliwashukia watu waliokuwa wakiswali nyuma ya Mtume mwenyewe. Ikiwa wale waliambiwa waandikiane na washuhudize, itakuwaje kuuliza karatasi kuwe ni kumvunjia heshima mtu kwa sababu ya adhuhuri moja iliyoswaliwa Arusha? Na aya hiyo haikumsahau Zaidi, maana yamtaja asiyeweza kuimla mwenyewe, ikaamuru walii wake aimle kwa uadilifu. Asiyejua lugha ya mkataba ni katika jumla ya hao. Ni kweli kwamba wanavyuoni wengi wameiona amri ya kuandika kuwa ni ya sunna, na kwamba biashara ya mkono kwa mkono imetolewa humo. Lakini zamu ya miaka thelathini iko mbali sana na samaki wa mnadani.

Sasa na itazamwe Amri ameuza nini, kwani hapa ndipo watu wengi hupotea. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa za pwani tangu zamani, imeelezwa ya kuwa kukodisha kitu maalumu kwa manfaa yatakayoanza wakati ujao hakusihi, na nyumba haikodishwi ila kwa kuainishwa yenyewe. Juma la Desemba la mwaka wa ishirini ni manfaa ya wakati ujao bila shaka. Atakayetafuta mlango ataleta masala ya zamu za kupanda mnyama, watu wawili wamkodi mnyama mmoja, huyu apande siku kadha na yule siku kadha, na hiyo imejuzu. Lakini wafasiri wa Minhaji wamesema duka halikodishwi mchana pasipo usiku, kwa kuwa nyakati zake hazikuungana, na mnyama amehusika na ruhusa kwa sababu hana budi apumzike. Nyumba ya Usa River haichoki.

Njia iliyo safi katika madhehebu ni Zaidi anunue hisa katika jengo, hisa isiyogawanywa, kisha washirika wagawane zamu za kukaa. Hata hivyo ajue ya kuwa mapatano ya zamu baina ya washirika yajuzu wala hayafungi. Mmoja wao akitaka kurejea, hurejea. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lilipokutana Putrajaya nchini Malaysia mwaka 2007, lilipanua mlango likajuzisha kununua na kukodi kwa zamu kwa masharti, na katika hayo ni kwamba manfaa na muda vijulikane, na matengenezo ya asili ya nyumba yawe juu ya mwenyewe. Mshafii atakayefuata kauli hiyo halaumiwi, ila ajue kwamba ameifuata, asidhani ndiyo aliyosomeshwa chuoni.

Na tofauti ya bei na ijara si mchezo wa wanafunzi. Katika bei Zaidi ana khiyari ya majlisi, aweza kuvunja maadamu hawajaachana, na aweza kushurutisha khiyari ya siku tatu arudi kwake akafikiri. Katika ijara, kwa kauli iliyosahihishwa, hana moja katika hizo. Nchi za Umoja wa Ulaya, baada ya raia wao wengi kulia, zilimpa mnunuzi wa zamu siku kumi za kurejea kwa amri ya mwaka 1994, kisha siku kumi na nne kwa amri ya 2008. Basi neno la Amri kwamba bei ni ya leo tu lilikusudiwa kumnyima Zaidi kile ambacho sheria zote mbili zimeona ni haki ya mwanadamu, nacho ni usiku mmoja wa kulala na jambo lake.

Yabaki kumuuliza Amri amemiliki nini mwenyewe. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 yasema ya kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imewekwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Mtu hupewa haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda, na muda huo hauzidi miaka 99. Ziko hati za miaka 33 na za miaka 66. Asiye raia hapewi ila kwa ajili ya uwekezaji. Basi ikiwa hati ya Amri ni ya miaka 33 tangu mwaka 2005, itakwisha 2038. Akimuuzia Zaidi zamu za miaka thelathini kuanzia 2025, ameuza miaka kumi na saba isiyokuwa yake. Atasema hati huhuishwa. Huenda ikahuishwa, lakini tumaini haliuzwi. (Na mkataba useme miaka ni ya jua au ya mwezi, kwa kuwa miaka 33 ya jua ni kama 34 ya mwezi. Na aliyeuziwa juma la Idi apande mlimani Idi ya mwaka gani? Idi hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka.)

Haya yote hayasomwi katika picha. Husomwa kwa Msajili wa Hati, kwa kufanya upekuzi: hati ni ya nani, imebaki muda gani, imewekewa masharti gani ya matumizi, na je, nyumba iko katika rehani ya benki? Aliyeweka rehani hana ruhusa ya kuiuza pasipo idhini ya mwenye deni.

Na hata hati ikisafika, kuna swali lililo nyuma yake. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwatoa Wameru karibu elfu tatu katika nchi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini ya mlima huo huo, ili walowezi wapate malisho, na nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Serikali ile ilikuwa na karatasi, na karatasi zilikuwa na mihuri. Mtume ameonya ya kuwa achukuaye shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba, na kwamba hukumu anayopewa mtu kwa ufasaha wa hoja zake juu ya haki ya ndugu yake ni kipande cha moto. Kwa hiyo mwenye kununua chini ya Meru awaulize pia wazee wa kijiji na majirani wa mpaka. Msajili hujua jina lililoandikwa, na jirani hujua aliyefukuzwa.

Ama ile ada ya kila mwaka, katika karatasi za namna hii huandikwa mara nyingi kwamba itakuwa kadiri mwenye nyumba atakavyoona. Hiyo ni ujira usiojulikana. Imamu Nawawi ameitaja kwa jina kodi ya kulipwa kwa matengenezo ya nyumba kuwa haisihi, na matengenezo ni juu ya mkodishaji. Tena ijara haivunjiki kwa kufa. Zaidi akifa, zamu zake ni urithi, na ada aliyokwisha kuwa nayo ni deni litokalo katika tarika kabla watoto hawajagawana. Mkataba ukiwafunga warithi walipe ada isiyo na mpaka kwa mali zao wenyewe, umewatwisha deni wasilolikopa.

Mwisho ni arbuni. Amri alipomwona Zaidi anasitasita alimwambia, toa kidogo leo, ukighairi fedha haitarudi. Mahanbali wameijuzisha bei ya arbuni. Kwa Mashafii ni batili. Zaidi akiwa amekwisha kuitoa ana haki ya kuidai, hata ikiwa imeandikwa katika karatasi ya kumi na nne kwamba hairudishwi, na Amri akiizuia ni deni shingoni mwake.