Nembo Ngozini na Wajibu wa Mlezi

Hapa Busia mkono wa mtu unaweza kukuambia alizaliwa upande gani wa mpaka. Mtoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya kifua kikuu akiwa mchanga, kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Mtoto wa Uganda huchanjwa mkono wa kulia, juu, karibu na bega. Chanjo ni ileile na ugonjwa ni uleule, ila kovu hukaa mahali tofauti. Mwaka 1902 Waingereza waliumega upande huu kutoka Uganda na kuutia katika koloni lililokuja kuitwa Kenya, na hadi leo watoto wa ukoo mmoja waliogawanywa na mstari huo huubeba mpaka mwilini, katika kovu dogo kama punje ya mahindi. Hakuna mtoto aliyelichagua kovu lake. Mtu mzima alimbeba akampeleka.

Naanza na kovu hilo kwa sababu nataka kusema juu ya tatuu. Wazazi wa Marachi, huku Busia, tumezoea kuilaumu tatuu kana kwamba ngozi ya mtoto ilikuwa safi hadi siku alipokutana na mchoraji. Kumbe tangu zamani watu wazima wameiandika ngozi ya mtoto. La kuuliza ni nani anayeandika, na kama mtoto alielezwa maana.

Kukhu, nyanya aliyenilea, alikuwa na vikovu vilivyopangwa tumboni safu kwa safu kama mbegu za mtama. Nilipokuwa mdogo nilivigusa nikidhani ni upele. Akanieleza: ngozi iliinuliwa kwa ndoano, ikakatwa, ikasuguliwa majivu ili kovu livimbe. Meno yake ya mbele ya chini yalikuwa yameng'olewa, kama ilivyokuwa kwa wazee wengi wa huku, Waluhya, Wajaluo na Wateso. Alisema pengo lile lilisaidia kumnywesha uji mtu aliyekazwa taya na pepopunda. Kwa Kiswahili cha zamani alama kama zile za tumboni ziliitwa nembo, na kuzikata kuliitwa kutoja. Leo neno nembo limehamia kwenye sare za shule na hati za serikali, lakini kazi yake ni ileile: kuonyesha mwenye nayo ni wa nani.

Sisemi turudi huko. Kukhu alilia siku aliyokatwa, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inakataza mila zinazomdhuru mtoto, na mimi naishukuru. Hata hivyo wazee wale walitimiza jambo moja. Aliyemkata mtoto alikuwa mtu anayejulikana, mbele ya watu wake, na kila kovu lilikuja na maneno yake. Tulipouacha wembe, tuliyaacha na maneno.

Hilo nilijifunza kwa uchungu. Mwaka juzi mtoto wa marehemu dada yangu, kijana wa miaka 16, alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kosa la tatuu. Alikuwa amechorwa Malaba, mpakani, katika chumba kilicho nyuma ya kibanda cha kinyozi, malori yakinguruma foleni hatua chache kutoka mlangoni. Mashine iliundwa kwa mota ndogo iliyong'olewa kwenye redio kuukuu. Alilipa kwa pesa za kibarua cha kupakua magunia. Nilipomuuliza kama sindano ilikuwa mpya, alisema hakumbuki.

Nilifoka. Nilimtajia Mambo ya Walawi 19:28, nikamwambia kwamba jeshi halitamchukua, nikamwambia ameiga uzungu. Akaniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akakunja shati mkono wa kushoto. Yaliyoandikwa pale yalikuwa jina la mama yake.

"Khotsa," yaani mjomba, akasema, "hapa nyumbani hakuna mtu anayemtaja."

Alikuwa na miaka mitatu dada yangu alipofariki. Tulilificha jina lake tukidhani tunamhurumia mtoto. Hatukumwambia alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alicheka vipi. Methali husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama huyu hakuwepo kufunza, na sisi tuliobaki tulinyamaza. Kijana akaenda kununua kwa mgeni kitu ambacho mimi, mjomba wake, nilipaswa kumpa bure.

Hata lile neno langu la uzungu halikuwa na msingi. Waingereza wenyewe waliichukua tatuu kwa watu wengine. Neno walilipata visiwa vya Polynesia, katika safari za nahodha James Cook, aliyefika Tahiti mwaka 1769. Wenyeji waliiita tatau. Mabaharia wakarudi kwao na nanga na majina ya wapenzi mikononi. Mwaka 1862 mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alichorwa msalaba mjini Jerusalem kama mahujaji wengi kabla yake. Mwaka 1881 mwanawe George, ambaye naye alikuja kuwa mfalme, alichorwa joka nchini Japani. Katika karne hiyohiyo jeshi la Uingereza liliwatia askari watoro herufi D mwilini, iwe aibu yao maisha yote. Taifa moja, wino na ngozi, mmoja akapata sifa na mwingine fedheha. Hata msalaba uliochorwa mkononi mwa Mkristo wa Misri, au kwenye paji la uso la mama wa Ethiopia, ni ushuhuda wa imani kwake na dhambi kwa jirani yake. Alama haijisemei yenyewe. Husemewa na watu waliomzunguka mwenye nayo.

Ndiyo maana sheria moja ya Waingereza imenigusa kuliko tatuu zao zote. Mwaka 1969 Bunge lao lilipiga marufuku kumchora tatuu mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Nchi ambayo wafalme wake walichorwa ilikubali kwamba mtoto asubiri. Vijana wetu wanaojazana kwenye vibanda vya mpira kutazama Ligi ya Uingereza huona mikono ya wachezaji iliyojaa wino, na mikono ya David Beckham wanaijua. Ni vizuri wajue pia kwamba aliandika mwilini jina la Brooklyn, mwanawe wa kwanza, baada ya mtoto huyo kuzaliwa mwaka 1999. Alikuwa mtu mzima, baba, akibeba jina la mtoto aliye wajibu wake.

Kwa hiyo wajibu wetu wa kwanza ni kumpa mtoto jina na habari zake mapema. Ajue ni wa ukoo gani, mama yake ni nani, waliotangulia waliishi vipi, na hata habari za wafu, kwa maneno yanayolingana na umri wake. Wa pili ni kumsaidia kusubiri, na kumweleza sababu: wino hukaa chini ya ngozi ya juu inayobanduka, ndiyo maana haufutiki kwa sabuni, na kuuondoa kwa mwanga wa leza ni kazi ya kurudiarudia na ya gharama kubwa. Moyo wa miaka 16 hubadilika, mkono haubadiliki. Wa tatu ni kumwambia wazi habari za sindano. Sindano iliyotumiwa kwa mwingine inaweza kubeba homa ya ini ya aina B na C, na virusi vya Ukimwi. Aliyekwisha kuchorwa apelekwe kupimwa, bila matusi njiani. Na wa nne, asifukuzwe. Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya alama ataitafuta nyumba inayoipenda alama hiyo, na mpakani nyumba za namna hiyo hazikosekani.

Nilimpeleka kupimwa, na majibu yalikuwa mema. Tulipotoka tulikwenda kwetu Butula, tukakaa kando ya kaburi la mama yake hadi jua likapungua. Nilimweleza jinsi alivyouza omena sokoni Bumala na jinsi alivyokuwa akiimba akipepeta wimbi. Kijana aliuliza maswali niliyodhani ameyasahau, kumbe hakuwa na wa kumuuliza.

Kisha nikaushika mkono wake wa kushoto. Juu kidogo ya herufi zile za wino kulikuwa na kovu la chanjo, mviringo mdogo uliofifia. Nikamwambia siku mama yake alipompeleka kuchanjwa mvua ilikuwa inanyesha, akamfunika kwa leso yake mwenyewe, akarudi ameloa yeye peke yake. Nikamwambia alama ya mama yake ilikuwepo mkononi mwake tangu mwanzo, ni sisi tu hatukumwonyesha.