Gari, Forodha na Dhamiri katika Mpaka wa Sirari

Swali la iwapo sheria ya ushuru inamfunga mtu mbele ya Mungu na dhamiri yake, au inamfunga pindi anapokamatwa tu, lilijadiliwa na wanateolojia karne nyingi kabla ya motokaa kuwepo duniani, lakini katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, swali hilo leo huulizwa kwa habari ya magari na pikipiki. Barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma huvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, hupita mjini Tarime na kuishia Sirari, ambako hatua chache mbele huanza Isebania ya Kenya. Kituo cha forodha kipo hapo, lakini mpaka wenyewe hupita katikati ya mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, na zipo njia za panya ambazo gari lenye namba za Kenya, au pikipiki isiyo na namba yoyote, laweza kupita likafika Tarime na hata Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, bila karatasi zake kuonwa na ofisa yeyote.

Wapo wanaosema kwamba hapo hakuna kosa la kimaadili, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Mpaka huu ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yaliyochora mstari kutoka mlango wa Mto Umba, ukizunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, hadi mahali ambapo nyuzi 1 ya latitudo ya kusini inakutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Waliouchora hawakuwauliza Wakurya, na matokeo yake koo za Wanyabasi, Wairege na Wakira zikajikuta zina watu katika nchi mbili. Ndugu aliyeko Kehancha, upande wa Kenya, akimpa ndugu yake wa Sirari gari lake kuukuu, wanauliza wenye hoja hii, ni nani hapo aliyeagiza kitu kutoka ng'ambo? Wengine huongeza kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu Januari 2005, kwa hiyo kizuizi hakina maana tena. Hoja hii ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza, kwa sababu umoja huo una kanuni za asili ya bidhaa, yaani kanuni zinazoamua kitu kimetengenezwa wapi, na gari lililoundwa Japani haligeuki kuwa zao la Afrika Mashariki kwa sababu limeshushwa Mombasa. Hoja ya kwanza, ile ya undugu, ndiyo inayodai jibu, na itarejewa hapa chini.

Kabla ya hapo inafaa kueleza mzigo wenyewe, kwa kuwa hukumu juu ya dhamiri isiyojua uzito wa mzigo ni hukumu nyepesi. Gari dogo la abiria linaloingia Tanzania hutozwa kwanza ushuru wa forodha, ambao kwa muda mrefu umekuwa asilimia 25 ya thamani ya gari ikijumlishwa na bima na nauli ya meli. Kisha hufuata ushuru wa bidhaa, unaopanda kwa ukubwa wa injini hadi asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2000. Kisha ushuru mwingine wa bidhaa kwa ajili ya umri, unaofika asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10. Na mwishoni kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wengi huiita VAT, asilimia 18 juu ya jumla ya hayo yote. Kwa viwango hivyo, gari kuukuu lenye injini kubwa ambalo forodha imelithamini kwa shilingi milioni 10 hudaiwa zaidi ya milioni 10 nyingine, hata kabla ya kuhesabu tozo ndogondogo, ada ya usajili na malipo ya wakala wa forodha. Kenya imechagua njia tofauti, kwani haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, ilhali Tanzania hulipokea na kulitoza, na ushuru huo wa umri una sababu zake za kulinda hewa na usalama wa barabara. Hata hivyo anayenunua gari la miaka 15 kwa kawaida ni mwalimu mstaafu au mfanyabiashara mdogo wa mazao, na yeye ndiye anayetozwa kwa kiwango cha juu kuliko tajiri anayeagiza gari jipya.

Wanateolojia wa Ulaya waliwahi kuwapa watu wa aina hii faraja ya ajabu. Katiba ya Wadominiko ya mwaka 1236 ilieleza kwamba kanuni za shirika hilo hazimfungi mtawa kwa dhambi, bali humfunga kwa adhabu, maana yake ni kwamba anayezivunja hana hatia mbele ya Mungu ilimradi akubali kutumikia adhabu anayopewa. Wazo hilo lililozaliwa ndani ya nyumba za watawa lilitoka nje likaenda kwenye sheria za wafalme, na Francisco Suárez, Mjesuti wa Hispania, akalitetea mwaka 1612 katika kitabu chake juu ya sheria. Tangu hapo walimu wengi wa maadili walifundisha kwamba zipo sheria za adhabu tupu, na mara kwa mara ushuru wa mpakani ulitajwa kuwa mfano wake. Kwa mafundisho hayo, mwenye gari anayepita njia ya panya amecheza kamari na serikali: akipita amefaulu, akikamatwa alipe faini, na roho yake iko salama katika hali zote mbili.

Fundisho hilo halipatani na Waraka kwa Warumi, sura ya 13, ambako Mtume Paulo anawataka waumini watii mamlaka na kulipa kodi kwa ajili ya dhamiri, na wala si kwa kuhofia ghadhabu peke yake. Ni vigumu kuona jinsi mtu anavyoweza kuisoma sura hiyo kisha akabaki na hofu ya faini kuwa sababu yake pekee ya kutii. Mtaguso wa Pili wa Vatikani mwaka 1965 uliwalaumu wanaokwepa kodi za haki, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 ikaiweka kodi miongoni mwa wajibu wa kimaadili. Neno la kuzingatiwa hapo ni haki. Thomas wa Akwino, Mdominiko mwenyewe, alikuwa ameshasema katika karne ya 13 kwamba sheria inayogawa mizigo bila uwiano, hata kama inalenga manufaa ya wote, ina kasoro ya haki na haimfungi mtu katika dhamiri, isipokuwa pale ambapo kuivunja kungezua kwazo au vurugu. Katika Uislamu pia, ambako makusi, yaani ushuru wa dhuluma unaotozwa wafanyabiashara, umelaaniwa vikali katika hadithi, wanazuoni al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111 na al-Shatibi aliyefariki mwaka 1388 waliruhusu mtawala atoze zaidi ya zaka pale tu hazina inapokuwa tupu, haja ikiwa ya kweli na mzigo ukigawanywa kwa uadilifu. Dini hizi mbili, ambazo waumini wake wanaishi pamoja Tarime na Mugumu, zinakutana basi katika jambo moja: anayetawala naye ana swali la kujibu, na mwalimu mstaafu anayelalamika juu ya ushuru wa umri hasemi jambo la aibu.

Lakini wote waliotajwa, wakali na wapole, walikuwa wakizungumzia deni la raia kwa mtawala, na gari lina deni lingine ambalo halikuwapo kwenye gunia la chumvi au jora la nguo lililovushwa kwa magendo. Chumvi ikishaingia nyumbani haimgongi mtu. Gari linaua, tena linaua kwa kasi na kuondoka, na aliyebaki kando ya barabara, awe mtoto wa shule wa Nyamwaga, wilayani Tarime, au mama atokaye gulioni, hana njia ya kumfikia aliyemdhuru isipokuwa kwa zile alama zilizobandikwa mbele na nyuma, yaani herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu, au MC ikiwa ni pikipiki. Nyuma ya alama hizo kuna kadi ya gari inayotaja namba ya chesisi, namba ya injini na mmiliki, na juu ya kadi hiyo imejengwa bima ya lazima, ambayo sheria imeiweka kwa ajili ya mtu wa tatu, yule mpita njia asiyejulikana na mwenye gari wala na kampuni ya bima. Namba ya gari, kwa hiyo, ni ahadi anayopewa mgeni kwamba akidhurika atajua pa kwenda kudai. Anayeendesha gari lisilo na namba, au lenye namba ya bandia, ameinyima hazina fedha, na huenda akawa na utetezi juu ya hilo. Lakini amemnyima pia mpita njia haki ya kumjua, na juu ya hili hana utetezi, kwa sababu mpita njia hakumtoza ushuru wowote.

Hapa ndipo hoja ya undugu inapopata jibu lake, na jibu linatoka ndani ya ukoo wenyewe. Katika maisha ya Wakurya, Wangoreme na majirani zao, ng'ombe wa mahari huhesabiwa hadharani, na mtu aliyedhuriwa alijua ukoo wa kuuendea, kwani hakuna aliyetembea bila ukoo. Utaratibu huo ulikuwa na dosari kubwa, iliyoonekana kwa uchungu katika mapigano ya koo ya Tarime, ambako asiye na hatia alilipizwa kwa kosa la mtu wa ukoo wake; lakini msingi wake, kwamba kila mwenye nguvu ya kudhuru lazima ajulikane ni wa nani, ulikuwa wa haki. Gari lililoshushwa kutoka melini halina ukoo, na usajili hulipatia mtu mmoja wa kujibu kwa ajili yake, bila kuwaburuta nduguze. Anayetetea gari lisilosajiliwa kwa kudai kwamba mpaka ni wa wakoloni na watu ni ndugu, anatumia undugu kukwepa jambo lile lile ambalo undugu ulidai.

Serikali nayo ina sehemu yake katika kosa hili, kwa kuwa imeifunga ahadi ya mpita njia pamoja na dai la hazina. Gari halisajiliwi na Mamlaka ya Mapato Tanzania mpaka forodha iridhike, na asiyeweza kulipa hubaki nje ya daftari. Hivyo ushuru unaokuwa mzito kupita uwezo wa mnunuzi huzaa magari yasiyo na mwenyewe, na gharama ya hayo hulipwa na watu wanaotembea kwa miguu kati ya Tarime na Mugumu. Kwamba mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa imeshathibitishwa na forodha yenyewe, kwani mgeni mwenye gari la Kenya anayepita Sirari hupewa kibali cha muda, yaani hati inayolitaja gari lake, mwenye gari na tarehe ya kuondoka, na kwa kuwa na bima, ikiwemo Kadi ya Njano inayotambuliwa kuvuka mipaka, huingia akijulikana bila kudaiwa ushuru wote wa gari linalobaki. Sheria imekubali kwa mgeni kwamba kujulikana kunaweza kutangulia malipo. Kwa mkazi mwenye gari kuukuu, ambaye angeweza kusajiliwa leo na kulipa deni lake kwa awamu huku gari likiwa dhamana, haijakubali hivyo, ingawa mpita njia wa Nyamwaga anamhitaji huyo mkazi ajulikane zaidi ya anavyomhitaji mgeni atakayeondoka baada ya wiki mbili.