Je, Upendo wa Mzazi Unafundishika?

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengi huitumia methali hii kumfungia mlango mtaalamu wa makuzi ya watoto: atamwambia nini mama aliyebeba mimba miezi tisa? Kwa mtazamo huo, upendo umo moyoni au haumo, na hakuna darasa litakaloutia. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo, kwa kuwa hisia haifundishwi. Lakini mtoto mchanga haioni hisia iliyo moyoni mwa mama. Kinachomfikia ni namna anavyoitikiwa anapolia au anapogeuza uso kwa uchovu, na kuitikia huko kwahitaji kumjua mtoto huyu mmoja, si watoto kwa jumla. Ujuzi wa namna hiyo watu hujifunza.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulianzia Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifuatana na mumewe aliyepata kazi Kampala. Hakuwa na maabara. Akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 za Waganda kila baada ya wiki mbili, takriban saa mbili kila ziara, kwa muda uliofikia miezi tisa. Aliketi sebuleni alasiri, pale wageni wanapokaribishwa, akatazama watoto 28 ambao hawajaachishwa ziwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1967 alieleza kwamba watoto wenye utulivu, wanaomwacha mama kidogo wakachunguze vitu kisha wakamrudia, aghalabu walikuwa wa akina mama walioweza kusimulia habari za mtoto kwa undani, hata pasipo kuulizwa. Kwangu hilo ni jambo kubwa: kilichowapambanua akina mama hao ni kumwona mtoto. Baadaye, huko Baltimore, yeye na mtafiti mwenzake Silvia Bell waliandika mwaka 1972 kwamba watoto walioitikiwa upesi katika miezi ya mwanzo walilia kidogo kuliko wenzao walipokaribia kutimiza mwaka. Wapo wataalamu waliobisha, na ubishi huo ulitarajiwa, maana wengi wetu tumelelewa na onyo kwamba mtoto akibebwa kila aliapo atadeka.

Mpinzani makini atasema: huenda mtoto mtulivu ndiye anayemrahisishia mama kumsoma, wala si mama anayemtuliza. Swali hilo halijibiwi kwa kutazama tu. Huko Uholanzi, mtafiti Dymphna van den Boom aliwachukua watoto 100 waliozaliwa wasumbufu, wa familia za kipato cha chini, akawatembelea nusu ya akina mama mara tatu tu, watoto wakiwa kati ya miezi sita na tisa, akiwafundisha kuitambua ishara ya mtoto, kuielewa na kuijibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa walipotimiza mwaka, watoto wa kundi hilo waliokuwa na uhusiano salama na mama zao walikuwa wengi zaidi kuliko wenzao ambao mama zao hawakutembelewa. Ziara tatu haziwezi kumtia mtu upendo asiokuwa nao. Akina mama wale walikuwa wanapenda tangu mwanzo. Walichokosa ni njia ya kumfikia mtoto mgumu kusomeka. Dini zetu humwita mtoto amana, na mwenye amana haoni haya kuuliza namna ya kuitunza.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la mwanasaikolojia Heidi Keller na wenzake: kwamba kipimo hiki cha kumwitikia mtoto kinamtukuza mama wa tabaka la kati wa Magharibi, anayeketi peke yake na mtoto wakitazamana na kuzungumza. Kwingi duniani mtoto yuko mgongoni, na bibi, dada na shangazi wanashirikiana kumlea. Nakiri kosa hilo limefanywa mara nyingi. Hata hivyo mgongo nao husikia. Aliyembeba mtoto huhisi anapojinyonga kabla hajalia. Namna ya kujibu ni mila ya nyumba, na mtaalamu hana haki ya kuibadili. Tena, kumsikiliza mtoto kunataka nguvu, na mama aliyeamka alfajiri kwenda sokoni, akarudi na njaa, hana nguvu hiyo. Anayemjia na maelekezo pekee amemwongezea mzigo. Ziara yake ianze kwa kuuliza nani atambeba mtoto ili mama apate kulala.