Mtoto Mkaidi: Ana Hatia au Ni Mgonjwa?

Ndugu, twaulizwa: mtoto apigaye wenzake na kukataa kila agizo, je, ana hatia au ni mgonjwa? Mwaka 1937, huko Marekani, daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 wenye tabia ngumu dawa iitwayo Benzedrine. Karibu nusu yao wakageuka upesi, wakajitahidi katika masomo. Basi twajua ya kuwa mambo mengine yatoka katika ubongo, wala fimbo haiyaponyi. Lakini dawa nayo haimfundishi mtoto kuomba radhi. Kwa sababu hiyo madaktari wa leo huwafundisha wazazi pia: kusifu lililo jema, kuagiza kwa maneno machache, kutimiza walilosema. Wazazi, tusimhukumu mtoto kabla ya kumchunguza. Wala tusimwondolee wajibu wake, maana tutamwondolea na heshima yake.