Suria kwa Kiingereza

Wanafunzi hufundishwa kwamba visawe ni maneno mawili au zaidi yenye maana moja. Fasili hiyo yatosha darasani; haimtoshi mfasiri. Maneno mawili yakikaa nyumba moja kwa muda mrefu hugawana kazi, na kila moja hushika chumba chake. Kufa na kufariki ni tukio moja, lakini hakuna muungwana atakayeingia msibani akauliza mzee amekufa saa ngapi. Aibu na fedheha ni ndugu, lakini aibu mtu aweza kuiona akiwa peke yake chumbani, ilhali fedheha haiji ila mbele ya macho ya watu.

Kiingereza kina utajiri mkubwa wa namna hii, na sababu yake ni ya kihistoria. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana na mahakama, Kilatini kikabaki lugha ya kanisa na elimu, na Kiingereza cha wenyeji kikaendelea mashambani na jikoni. Lugha hizo zilipochanganyika, jambo moja lilijikuta na majina mawili, matatu. "Ask", "question" na "interrogate" yote ni kuuliza; lakini la kwanza ni la jirani, la pili ni la mwalimu au wakili, na la tatu linanuka chumba cha polisi. Mwaka 1794 Hester Lynch Piozzi, mwandishi wa Kiingereza aliyeolewa na mwanamuziki wa Kitaliana, alichapisha kitabu kizima cha kuwaongoza watu katika kuchagua baina ya maneno kama hayo wanapozungumza. Mwaka 1852 daktari Peter Mark Roget alitoa hazina yake mashuhuri, iliyoyapanga maneno kwa makundi ya maana bila ya kuyafasili. Hazina ile humwonesha mtu vyote vilivyoandaliwa mezani. Haimwambii kipi ni halali yake.

Hapo ndipo linapozuka swali. Je, kuchagua kisawe ni suala la ufundi tu, au ni la maadili pia? Mfasiri aliyeweka neno laini pahala pa neno gumu amekosea, au amedanganya?

Swali hilo lina mfano wake hapa hapa visiwani. Lichukuliwe neno suria. Suria alikuwa mtumwa wa kike ambaye bwana wake alimweka kinyumba kwa haki ya kummiliki. Hapakuwa na posa, hapakuwa na mahari, wala ijabu na kabuli. Hata hivyo, sheria haikumhesabu kama mjakazi yeyote. Mtoto aliyemzalia bwana wake, na bwana akamkubali, alizaliwa huru na akarithi pamoja na watoto wa wake wa ndoa. Mama mwenyewe hakuweza tena kuuzwa, na bwana alipofariki alikuwa huru. Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alifuatwa katika kiti cha Unguja na wanawe wanne, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, na wote walizaliwa na masuria. Bibi Salme, dada yao, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, naye mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi.

Mfasiri basi analikuta neno hilo katika wasia, katika barua au katika utenzi, na Kiingereza kinampa maneno manne ya kuchagua. "Concubine" limetoka katika Kilatini, na asili yake ni kulala pamoja: linataja kitanda, halitaji bei. "Mistress" lilikuwa jina la mwanamke mwenye nyumba, kisha likawa jina la kimada. Humfanya msomaji adhani kwamba mwanamke huyo alikuja kwa hiari na angeweza kuondoka kwa hiari. "Slave" linataja bei waziwazi, lakini linamvua mama ile hadhi ambayo sheria na wanawe walimpa. "Wife" linampa hadhi na linafuta bei. Kila neno lina nusu ya ukweli, na nusu hizo hazijumlishiki.

Tofauti hiyo iliwahi kuamua maisha ya watu. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, akiwa chini ya himaya ya Uingereza, alitoa amri iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Maneno hayo yenyewe yalipimwa: kilichofutwa ni hadhi ya utumwa mbele ya mahakama, na mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe akaudai. Kwa masuria ukawekwa mlango mwengine, ulio mwembamba zaidi. Walihesabiwa kuwa watu wa nyumbani kwa maana ile ile ya wake, na wakatakiwa wabaki walipo, isipokuwa yule aliyelalamika kwamba ametendewa ukatili. Ilipita miaka 12, hadi amri ya mwaka 1909, ndipo ubaguzi huo ulipoondolewa.

Itasemwa kwamba neno lile lilikuwa la staha. Masuria wengi waliheshimiwa majumbani mwao, na kumwita mama wa watoto mtumwa mbele ya watoto wake kungekuwa kumvunjia heshima. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini na itazamwe kazi ambayo neno lilifanya. Mke alifungishwa ndoa. Ana mahari yake. Akidhulumiwa ana kadhi, ana khului, na ana wazee wa kwao wa kuwakimbilia. Suria hakuposwa, hakupewa mahari, na aghalabu kwao kulikuwa mbali kuliko kurudika. Amri ilimwazima jina la mke bila ya kumpa haki za mke, na jina hilo hilo ndilo lililomzuilia haki ambayo watumwa wengine walikwisha kuipata, nayo ni kuondoka. Heshima aliyopewa aliilipia mwenyewe.

Je, ina maana kwamba neno laini siku zote ni uongo? La. Mtoto wa suria anayesema "mke wa baba" anapomtaja mama yake hadanganyi. Anamsitiri, na kusitiri ni wema. Afisa anayelitumia neno hilo hilo ili mlango usifunguliwe hasitiri, anaficha. Kiswahili chenyewe kimeyaona mambo haya mawili kuwa mbalimbali, kikayapa majina mawili ambayo kamusi zingeweza kuyaita visawe. Anayesitiri hufunika kwa ajili ya aliyefunikwa, na anayeficha hufunika kwa ajili yake mwenyewe. Nguo yaweza kuwa moja. Tofauti imo katika mkono unaoifunika na katika faida ya kufunika.

Baadhi ya wafasiri hukimbilia njia nyengine: huliacha neno suria kama lilivyo katikati ya Kiingereza. Njia hiyo ina faida, kwani msomaji hulazimika kusimama. Lakini neno geni lisilofasiliwa hugeuka pambo. Msomaji wa mbali hulisikia harufu ya udi na marashi, akalisifu pazia, asimwone aliye nyuma yake. Anayeliacha neno hilo ana deni la kueleza, mara ya kwanza linapotokea, kwamba mwanamke huyu alimilikiwa.

Kwa hiyo hakuna kisawe kimoja cha kuandikwa kamusini na mjadala ukafungwa. Katika beti ambazo mwana anamlilia mama yake, neno la staha ni haki ya mwana, na mfasiri hana ruhusa ya kumvua mama nguo aliyovishwa na mwanawe. Katika wasia, katika hukumu na katika historia, umilikaji lazima utajwe, hata kama neno moja la Kiswahili litahitaji maneno matatu ya Kiingereza. Linalomwajibisha mfasiri ni kujua kila neno linachukua nini, na linakichukua kwa nani, kabla ya kuliandika.

Atakuwepo wa kusema kwamba yote haya yamepita, na kwamba kuyachokoa ni kuwaumiza walio hai. Ni kweli kwamba wajukuu wa wake na wajukuu wa masuria wanaswali safu moja, wanaoana na wanazikana, na wengine hawajui nani ni nani. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Wale mabibi hawakuacha barua wala vitabu ila wachache mno, na wengi wao wamebaki katika neno moja tu, lililoandikwa na mkono wa mtu mwengine. Anayelifasiri neno hilo anasema kwa niaba ya mtu ambaye hawezi kumsahihisha. Hiyo ni amana, na amana hairudishwi nusu.