Furaha na Machozi katika Kambi za Watoto

Mtoto arudipo alasiri kutoka kambini, mzazi wake humwuliza neno moja tu: Je, ilikuwa vizuri? Naye hujibu, Ndiyo, ilikuwa vizuri, kisha huenda kutafuta chakula. Lakini usiku, taa ikiisha kuzimwa, mtoto yule yule huanza kulia na kusema, Kesho sitaki kwenda. Sasa mzazi yu mashakani. Neno lipi ni la kweli, la alasiri au la usiku? Na kesho asubuhi afanyeje?

Yafaa kwanza kueleza kambi hizi ni nini, maana si wote waliopata kuziona. Katika nchi ya Marekani shule hufungwa wakati wa hari, tangu Juni hata Agosti, muda wa majuma kumi hivi. Mwaka 1861 mwalimu mmoja, Frederick Gunn, wa mji wa Washington katika jimbo la Connecticut, aliwatoa wanafunzi wake wakaenda kwa miguu maili 40 hivi mpaka pwani, wakapiga hema huko na kukaa majuma mawili. Watu wengi husema kwamba huo ndio mwanzo wa kambi za watoto katika nchi ile. Baadaye zikatokea kambi za mchana, ambazo mtoto halali huko: asubuhi hufika, kutwa hucheza, huimba, huogelea na kufanya kazi za mikono, na alasiri hurudi kwao. Walutheri wa huko nao wanazo. Baadhi ya makambi ya kanisa hutuma vijana wachache katika usharika, wakae juma moja na kuwafanyia watoto wa mahali pale kambi ya mchana. Na watu wetu waliohamia Marekani kutoka Kongo na Kenya na Tanzania, watoto wao nao huenda.

Tena tusifichane: nyingi za kambi hizi hazikufanywa kwa ajili ya mtoto peke yake. Baba na mama wana kazi, na sheria ya taifa la Marekani haimlazimishi mwajiri kumpa mtu likizo yenye mshahara hata siku moja. Majuma kumi mtoto atakaa na nani? Basi hupelekwa kambini, wala si dhambi. Lakini mzazi akimwambia mtoto, Nakupeleka kwa ajili ya furaha yako, na hali ampeleka kwa ajili ya kazi, amemziba kinywa. Maana furaha ikiwa ni zawadi, alalamikaye ni mtoto asiye na shukrani. Na mtoto mwema hapendi kuitwa hivyo, kwa hiyo husema, Ilikuwa vizuri. Afadhali aambiwe kweli: Mimi nina kazi, nawe ungali mdogo, huwezi kubaki peke yako, tutatafuta mahali pema, nawe utaniambia kulivyo. Hapo hupata ruhusa ya kusema hili zuri na hili baya, kama mtu mzima asemavyo juu ya kazi yake bila kuambiwa kwamba hana shukrani.

Sasa tuseme wako wasichana wawili, umri wao mmoja, kundi lao moja. Siku ya kwanza wote hupimwa majini. Mmoja ajua kuogelea, aruhusiwa kwenda penye kina. Wa pili hajui, abaki penye maji mafupi pamoja na watoto wadogo, na magoti yake yanaonekana juu ya maji. Wakati wa chakula wa kwanza afungua mkate wake kama wengine. Wa pili afungua wali na maharage aliopikiwa na mama yake usiku, na jirani yake akunja pua. Baadaye wawekwa mbele vijana wawili ili wachague watu wao wa mpira. Sina haja ya kusema nani aliitwa mwisho. Lakini alasiri huyo wa pili akafinyanga chungu kidogo cha udongo, mwangalizi akakiinua juu wote wakione, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Je, siku yake ilikuwa njema au mbaya? Na kambi ile ilikuwa moja au mbili? Mkuu wa kambi atahesabu watoto mia, atasema tisini na watano walifurahi, na kweli asema. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapa pana swali ambalo si la Marekani tu. Je, furaha ya wengi yaweza kulipa machozi ya mmoja? Wako wasemao, Mwache alie, ndivyo mtoto akomaavyo, raha haiji ila baada ya tabu. Wako na wengine wasemao, Mtoto asiguswe na huzuni yo yote, mtoe leo leo. Mimi naona pande zote mbili zimechanganya vitu viwili. Kuna uchungu utokao katika kazi yenyewe: maji ni baridi, kilima ni kirefu, wimbo ni mgeni, nyumbani ni mbali. Uchungu huo una mlango mbele yake. Mtoto akishikwa mkono hupita, na akiisha kupita hujua jambo asilolijua jana. Kumwondoa hapo ni kumnyang'anya mali yake. Lakini uchungu wa kuitwa mwisho mbele ya watu wote, au wa kuchekwa kwa sababu ya chakula cha mama yake, hauna mlango. Hata akistahimili kwa ushujaa hajifunzi kitu, isipokuwa kuficha. Uchungu wa namna hii haufai kuitwa malezi, wala furaha ya tisini na watano haiwezi kuununua, kwa kuwa hao hawakuhitaji aibu yake ili wafurahi. Mpira ungalichezwa vile vile kama mwangalizi angaligawa watu mwenyewe.

Watu hupenda kusema kwamba watoto ndivyo walivyo, hutesana. Hebu tutazame jambo lililotendeka mwaka 1954 katika jimbo la Oklahoma. Mtaalamu mmoja, Muzafer Sherif, pamoja na wenzake, waliwapeleka wavulana 22, wa miaka 11 hivi, katika kambi ya kulala mahali paitwapo Robbers Cave. Waliwagawa makundi mawili, kisha wakawashindanisha kwa siku kadhaa ili washindi wapate visu na nishani, na walioshindwa wasipate kitu. Haukupita muda, wakachomeana bendera na kuvamiana vyumbani, wakakataa hata kula pamoja. Ndipo wakubwa wakaleta shida iwapasayo wote: maji yakakatika, gari la chakula likakataa kwenda, ikawa lazima wote wavute kamba moja. Uadui ukapungua, hata siku ya kurudi wengi wakataka kupanda gari moja. Lakini mwaka uliotangulia, 1953, Sherif alikuwa amejaribu jambo kama hili katika jimbo la New York, na huko wavulana waliachwa kwanza wawe rafiki kabla ya kugawanywa. Hao hawakukubali kuchukiana, na jaribio likavunjika. Watoto hawakuambiwa kwamba wanajaribiwa. Jambo hilo ni baya, nami silisifu. Ila latuonyesha kwamba mengi tuyaitayo tabia ya watoto yamepangwa na mikono ya wakubwa, tangu saa walipoamua kwamba faida ya huyu itakuwa hasara ya yule.

Chama cha makambi cha Marekani, ambacho mwanzo wake ni mwaka 1910, kimeweka kipimo kwa kambi za mchana: watoto wa miaka 6 hata 8 wasizidi wanane kwa mwangalizi mmoja, na wa miaka 9 hata 14 wasizidi kumi. Kipimo hicho ni chema. Lakini mwangalizi mara nyingi ni kijana mwenye miaka kumi na minane au ishirini, ambaye ikifika saa nane mchana amechoka kwa jua na kelele, naye ahesabu vichwa ili asipotee mtu majini. Awezaje kuona nani ameacha kusema tangu asubuhi?

Daktari Janusz Korczak wa Warsaw, aliyeuawa katika Treblinka mwaka 1942 pamoja na yatima aliowalea, alifanya kazi ujanani mwake katika kambi za watoto maskini. Katika kitabu chake juu ya kumpenda mtoto hakuficha kwamba mara ya kwanza alikwenda na tumaini kubwa, na wavulana wakamshinda kabisa. Alikuwa amejitayarisha kuwasemesha watoto. Ilimbidi ajifunze kusema nao. Tofauti hii ni ndogo masikioni, lakini ni kubwa kazini.

Basi, mtoto aliaye usiku, si lazima aomba kuondolewa. Mara nyingi ameutua mzigo nyumbani kwa sababu hapo ndipo pa kuutua, na asubuhi atakwenda. Asijibiwe upesi, wala kwa kumfariji, wala kwa kumkemea. Swali la kama ilikuwa vizuri liachwe, maana halina jibu ila ndiyo au siyo. Aulizwe, Ulikula karibu na nani? Nani aligawa watu wa mpira? Ulipokuwa ukingoja gari ulikuwa ukifanya nini? Katika majibu hayo mzazi atatambua kama ni maji baridi au ni aibu. Na ikiwa ni aibu, asimtume mtoto akashindane nayo peke yake, bali aende mwenyewe akanene na mkuu wa kambi kwa upole, amtajie saa na mahali.

Wainjilisti na walimu wetu nao hukusanya watoto siku za likizo, pengine watoto arobaini na msaidizi mmoja. Hawawezi kuona yote. Na waanze na saa ya uji: mmoja agawe, na mwingine asimame tu, atazame nani amekaa na nani, na nani amekwenda kunywa nyuma ya nyumba.