Moto Usio na Mlinzi

Mtu ameteleka sufuria ya mafuta, akatoka kuzungumza uani. Nyumba yake na ya jirani zikateketea. Je, ana hatia, naye hakukusudia? Mafuta hayawaki kwa ghafula: hutoa moshi kwanza, kisha huwaka yenyewe, na ndimi za moto hushika paa la nyasi. Nafasi ya kuokoa ilikuwako, mlinzi hakuwako. Torati (Kutoka 22:6) yamwagiza aliyewasha moto ulioteketeza shamba la mwenziwe alipe, wala haiulizi nia yake. Kutokukusudia kwapunguza lawama, hakufuti deni. Kwa maana awashaye moto amejiweka kuwa mlinzi wake. Basi, ndugu, tusitoke kabla ya kuuzima. Na mafuta yakiwaka tusiyamwagie maji, yasije yakarusha moto; tuyafunike.